Marehemu Okech Alipoanza Kuchora Ramani

Okech alifukiwa na duara la wachimbaji mwezi wa pili. Mwezi wa sita akaanza kuchora kwenye ramani yetu.

Usinicheke. Jina lake, akaunti yake, picha yake ileile ya kofia ya njano.

Mimi ni Felista, nakaa Turwa, Tarime mjini. Mwaka ule wa rashi, watu walipomiminika Matongo kusaka dhahabu, tulianzisha ramani ya kwenye simu. Programu huria: bure kwa kila mtu, na yeyote anaweza kuongeza njia, kisima, au duara lililoachwa wazi, yaani shimo la wachimbaji, ili mtu asitumbukie.

Emanueli aliiandika akiwa kwao Nyambureti, kule Serengeti. Mimi nilisimamia wachoraji wa kujitolea na kuomba hela ya seva. Kazi ya kuomba hiyo, jamani, inakondesha.

Okech, Mjaluo mcheshi wa Matongo, ndiye alikuwa mchoraji wetu bora. Alikuwa mchimbaji pia. Duara lilipoporomoka, watu walichimba mdomoni pale mpaka wakakata tamaa. Ndugu zake wakafanya kama mila yao inavyotaka mwili usipopatikana: wakazika yago, lile tunda refu la mwegea, uani kwake, badala ya mwenyewe.

Halafu ndiyo zikaja alama. Nukta nyekundu na maneno: "Chini ni tupu. Pita taratibu."

Nikamtuma Gati, mchoraji wetu wa hukohuko. Akanipigia.

"Dada Feli, hapa hakuna duara. Ni majani na mbuzi."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimesimama juu yake. Na mimi huyu marehemu simfuatilii tena. Tafuta mtu mwingine."

Nikaifuta. Kesho yake ikarudi, na nyingine mbele yake. Nikafuta zote. Zikarudi tatu, zimejipanga kama mtu anayetembea.

Niliogopa mpaka simu nikawa naifunika na kanga.

Mfadhili pekee tuliyebaki naye akaziona. Akaandika kwamba hatii hela kwenye ramani inayochorwa na wafu. Nizisafishe, nifunge, wachore watu wake tu. La sivyo tutafute pa kwenda.

Nikampigia Emanueli.

"Ukifunga si yetu tena," akasema. "Lakini siwezi kukwambia ugombane na mzimu."

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Matongo. Kwenye nukta ya mwisho nikamkuta mwanamke amepiga magoti, kamba begani, simu mkononi. Adhiambo, mke wa Okech.

"Shemeji, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Paswedi yake naijua, si nilikuwa mke wake?" Hakuona aibu hata kidogo. "Na wewe ndiye unafuta?"

Nikakubali.

Akanionyesha kamba. Wachimbaji wa kule wakitaka kujua wamefika chini ya nini, hupima njia ya chini kwa kamba, kisha huitandaza juu ya ardhi kuanzia mdomo wa duara, kona kwa kona. Okech alikuwa akimweleza mkewe kila alipofika. Kipande cha mwisho Adhiambo aliambiwa juzi na Heche, mchimbaji mwenzake Okech aliyetoka hai akakimbilia Kenya kwa woga.

"Nataka kujua amelala wapi," akasema. "Nishikie huku."

Tukatandaza. Kamba ikapita zizi la jirani, ikakata kona. Adhiambo akawa ananisimulia kwamba siku zile za mwisho Okech alikuwa anacheka tu, anasema dhahabu inamfuata nyumbani.

Kamba ikaingia uani kwake.

Ikaishia kwenye kaburi la yago.

Adhiambo akakaa chini. Walizika tunda kwa kukosa mwili, na mwenyewe alikuwa hapohapo, chini ya tunda lake.

"Wiki ile," akasema polepole, "wakati mnamtafuta kule mdomoni, mimi nilikuwa hapa napikia waombolezaji. Nilisikia kutwanga. Nikajua ni jirani anatwanga."

Sikuweza kumgusa. Nililia nikiwa nimesimama.

Alama zote nilizithibitisha mbele yake. Ya uani aliiweka mwenyewe. Mfadhili akaondoka, seva ikazimwa, na ramani ikalala msimu mzima wa mvua mpaka bodaboda wa Turwa na wakulima wa Nyambureti walipochangishana baada ya mavuno. Familia mbili zilizokuwa juu ya njia ile zimehama. Adhiambo amekataa. Anasema aliwahi kumwacha peke yake, hatamwacha tena.

Somo langu ni hili. Usifute alama ya mtu ukiwa umekaa mjini. Nenda, simama pale, nyamaza.

Na ukisikia mtu anatwanga, toka nje uone ni nani.