Jibu Nililolimeza Kihonda

Kwenye jumuiya yetu ya mtaani, kabla ya Jumatano ya Majivu, kila mtu alitaja atakachojinyima Kwaresima. Mmoja nyama, mwingine soda. Mimi nikasema nitaacha kujibizana na watu. Walicheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Wananijua.

Nimepanga Kihonda, nyumba ya vyumba sita yenye uwanja mmoja na kamba moja ya kuanikia. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja, kwa hiyo karibu uwanja mzima tulikuwa kwenye mfungo, na hasira hazikuwa mbali.

Siku moja jirani wa chumba cha pili alianua nguo zangu zikiwa mbichi ili aanike zake. Akazirundika juu ya ndoo, sare yangu ya kwaya ikaangukia kwenye tope. Nilipomuuliza, akapaza sauti.

"Mwanakwaya gani wewe, kila siku kelele! Mwenzio nimefunga, usinitibulie swaumu yangu!"

Swaumu! Jana yake tu, saa saba mchana, nilimkuta nyuma ya jiko anakunywa chai kwa maandazi. Na sasa mama mkwe wake, aliyeshuka kutoka kijijini Kinole kuja kufunga pamoja na mwanawe na mkewe, alikuwa kibarazani anatusikiliza. Sentensi moja ingetosha kumuumbua. Nakiri nililitamani jibu lile kuliko nyama yoyote.

Nikaifikiria Jumapili. Ningepanga mstari wa komunyo nikiwa nimetoka kumvua nguo mwenzangu mbele ya mkwewe. Raha ya dakika moja, halafu Mungu ningemtazamaje? Nikaokota sare, nikaenda kuifua upya. Siku nzima nilijiona mjinga.

Siku ya Idi yule jirani akabisha hodi na sahani ya pilau. Hakutaka kukaa.

"Dada, siku ile ya chai uliniona, si ndiyo?"

"Nilikuona."

"Nina vidonda vya tumbo, daktari kanikataza kufunga. Mama hajui. Ananitafutia sababu tangu niolewe, hata nikimwambia ataona nasingizia." Akaniwekea sahani mikononi. "Mbona hukusema?"

Nilitafuta jibu la kitakatifu, sikulipata.

"Nilitaka sana kusema," nikamwambia.

"Najua. Siku ile ya nguo nilikuwa nakutazama mdomo. Nilishaanza kuiaga ndoa yangu."