Picha Ilipoanza Kusinyaa

Betri haikuwa mbovu. Niliimaliza mimi. Maneno haya sijawahi kumwambia mtu, nakuambia wewe kwa sababu hunijui.

Niliacha shule darasa la tano nikaanza kuzurura. Maganzo nilichimba almasi, kisha nikaenda kwa kaka yangu, kwenye machimbo ya dhahabu kule Ushirombo. Kaka alikuwa na pikapu. Gari jingine halikuwepo, kwa hiyo mgonjwa akizidiwa, watu walikuja kwake.

Ugonjwa wangu mimi ulikuwa ule mchezo wa televisheni wa chombo kinachosafiri kwenye nyota. Wazungu wameutengeneza miaka na miaka, kanda haziishi! Nilizikodi kwa Mhindi mmoja mwenye duka Nyasubi, pale Kahama. Kiingereza sikijui, lakini usiku sikulala kwa maswali. Huko juu hewa wanaipata wapi? Na kwenye nyota kuna dhahabu? Wachimbaji walinicheka: "Mzee wa Angani, leo umetua?"

Kanda moja iliisha chombo kimezingirwa na maadui, injini imezimika. Halafu basi! Sehemu ya pili alikuwa ameikodi mtu mwingine. Sikula vizuri mpaka nilipozipata zote mbili.

Ilikuwa Jumapili, katikati ya masika. Kaka alikuwa kanisani. Betri yangu ya kuangalizia ilikuwa Kahama inachajiwa. Nikafungua boneti ya pikapu, nikaunga nyaya za televisheni na deki. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa ndani, mjamzito, siku zake zimekaribia. Hilo nililijua.

Nikaanza na sehemu ya kwanza, eti nijikumbushe. Ujinga gani huu!

Katikati ya ile ya pili, picha ikaanza kusinyaa. Anayetumia betri anaijua hali hiyo: picha inaingia ndani kutoka pembeni, inabaki kama kiberiti. Maana yake, zima. Nilijua! Badala yake nikasogeza uso kwenye kioo, nikaangalia mpaka ikawa nukta, ikapotea.

Nimefunga boneti tu, jirani yetu Mama Kulwa akatoka ndani mbio. "Mayu wee! Mwiteni baba mwenye nyumba! Uchungu umemshika, na mtoto amekaa vibaya. Washeni gari!"

Kaka alikuja anahema, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Wanaume tukalisukuma, mimi mbele yao wote. Matairi yakazama kwenye tope. Shemeji alikuwa amelazwa nyuma, kwenye godoro, ananitazama mimi.

"Shemeji, jitahidi," aliniambia. "Jitahidi, baba."

Haki ya Mungu, nilikuwa nasubiri injini iwake yenyewe. Kwenye ule mchezo huwaka dakika ya mwisho. Huwaka kila mara!

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Shemeji alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

"Fundi aliniambia ninunue betri mpya," kaka alisema pale nje ya wodi. "Nikasema hii itanisogeza kidogo. Nimemuua mwanangu kwa ubahili."

Mkono wangu ulikuwa begani kwake. Nikamjibu, "Ni mapenzi ya Mungu, kaka." Afadhali ningekatwa ulimi!

Nikarudi Maganzo. Huko nilikutana na mtu aliyeuona mwisho wa ile kanda, akanisimulia hata bila kumuuliza. Wale wa kwenye chombo walitoka wote, wazima.

Kaka sasa hubadilisha betri kila masika, hata kama ni nzima.

Wewe unayeangalia kwa betri ya mwenzako, picha ikianza kusinyaa, zima! Na kama umeshachelewa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenye gari hajaanza kujilaumu. Ukiiacha ipite, hutaweza tena. Mimi nimejaribu. Kila nikienda kumsalimia, nikianza tu kuitaja siku ile, kaka ananikatiza.

"Tuyaache, mdogo wangu. Wewe ulisukuma kuliko wote."