Chumba cha Karibu na Ngazi

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Kama huamini, nenda bandarini Mwanza ukakate tiketi mwenyewe.

Mbele yangu dirishani alisimama mzee wa Nyakato, anakwenda Bukoba kwa meli. Binti wa tiketi akamgeuzia mchoro wa vyumba.

"Babu, vya dirisha vimekwisha. Chukua hiki cha ndani, katikati ya meli. Hakiyumbi, na ni kimya kabisa."

"Kimya ninacho nyumbani, mjukuu wangu." Akaweka kidole kwenye mchoro. "Nipe hiki cha karibu na ngazi."

"Hapo watu wanapita mpaka asubuhi! Hutalala."

"Hao hao ndio ninaowataka. Nitaacha mlango wazi. Mtu akimkuta mzee mlangoni, ataachaje kumwamkia? Tangu mke wangu afariki, wiki nzima inapita sijaitikia marahaba."

Binti akampa. Mimi nikaguna, nikasema kwa sauti kwamba wazee wengine wanarudi utotoni. Nikachukua kile kimya.

Ni chumba kizuri, sikatai. Meli ilipoondoka nilikaa kitandani, mkoba magotini, hakuna hata dirisha la kuchungulia. Kwa mbali, kule kwenye ngazi, nikasikia: "Shikamoo, babu." "Marahaba!" Halafu mwingine. Halafu watoto, kwa pamoja. Mzee anaitikia kama anayegawa pipi.

Mimi kwangu Buzuruga, anayeniamkia ni redio.

Nikavaa kandambili, nikatoka, nikafunga mlango, nikafuata sauti kule kwenye ngazi.