Kahawa ya Mwalimu Muayyad

"Ukimmiminia kahawa umetuuza," Fakhriya alimwambia mumewe, huku akilibandika dele la kahawa jikoni kwa kishindo.

"Na nisipommiminia?" akauliza Chasib. "Mtu aingie nyumba ya baba yangu atoke mdomo mkavu? Si bora nivae baibui lako nikae ndani, Mama Karrar."

"Baibui langu halikutoshi na tumbo hilo."

Mimi jirani yao nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua bamia, wala sikujifanya sisikii.

Kwetu Abu al-Khasib, mgeni mwenye haja akimiminiwa kahawa huiweka finjani chini bila kuionja. Mwenyeji akimwambia anywe, basi amelikubali ombi hata kabla ya kulisikia. Akimwacha asinywe, aibu hiyo watairithi wajukuu. Na haja ya Mwalimu Muayyad tuliijua wote: tuondoe matairi tuliyofungia barabara ya bandarini tukidai maji matamu.

Chasib alikuwa mkwezi wa mitende. Mtende wa babu yake ulikuwa mrefu, akianza kuukwea tende bado mbichi, akifika juu zimeshaiva. Kisha chumvi ya bahari ikapanda mtoni, mitende ikafa imesimama, naye akabaki na kamba begani kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Vyama vikubwa vilikuja kila uchaguzi na mablanketi na kuku wa barafu. Kuku tulikula, maji hayakuja. Safari hii watu waliapa siku ya kura watalala. Chasib ndiye aliyepita mlango kwa mlango, kashika ndevu zake kuwa dhamana kwamba Muayyad, mwalimu wa hesabu asiye na chama, hatatusahau. Tukaamka, tukampa.

Muayyad na wenzake wasio na chama wakaingia serikalini, wakakuta hazina imekombwa na ofisi zimejaa watu wa vyama vilevile. Akiamuru pampu iwashwe, mwenye ufunguo kaenda kuzika shangazi. Mashangazi wa mtu yule hawaishi kufa. Muayyad si mwizi. Hana nguvu tu. Huku mferejini maji yana chumvi hata samaki wanabisha hodi kuomba sukari. Rusul, binti wa Chasib, yuko hospitali kwa maji hayo, anatapika mpaka hana cha kutapika. Mtaani wanamuuliza baba yake ndevu zile anauza bei gani.

"Nikimfukuza leo," Chasib alisema taratibu, "kesho watarudi wale, na kuku wao."

"Warudi," akasema Fakhriya. "Rusul hatakuwepo kuwala."

Chasib akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Kisha akasema basi, hamimini, aibu ataibeba mwenyewe, na mimi jirani yao niwe shahidi.

Nilikuwa nafungua mdomo pazia likasogea. Mwalimu Muayyad aliingia peke yake, hana mlinzi, shati limemlegea mabegani, akatoa salamu.

Chasib, aliyetoka kusema hamimini, alishasimama. Dele lilikuwa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia.