Mama Mbele, Mtoto Mgongoni

Harufu ya boksi la sabuni ya mche ndiyo iliyoniharibia wiki nzima. Nilikuwa nimekaa sakafuni katika darasa la awali hapa Biharamulo, ninapojitolea kufundisha huku nikisubiri ajira, nikikata maboksi kwa wembe ili nipate kadi za herufi. Boksi la namna hiyo likikatwa hutoa harufu iliyojificha kati ya matabaka yake: sabuni, gundi, unyevu wa stoo ya duka. Ilipoingia puani, mkono wangu ulisimama.

"Mwalimu, umejikata?" akauliza mtoto mmoja.

Nikasema hapana, nikaendelea.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikituma ujumbe wa simu, nausoma mara tano baada ya kuutuma, wakati hauwezi kurekebishwa tena. Kwa hiyo mnivumilie ninyi mnaonisoma, maana jambo hili nimeligeuzageuza kwa miaka kumi na sita, na bado kila upande una makali.

Nilianza shule Kirushya, wilayani Ngara, katika darasa lisilo na mlango. Mwalimu wetu, Mwalimu Adela, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na kwa kuwa vitabu havikututosha alikata maboksi ya sabuni aliyoombaomba madukani. Kila kadi aliiandika herufi kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Q na X hakutuandikia. Alisema hizo ni za Kiingereza, zitakuja na Kiingereza chenyewe. Zikawa kadi ishirini na nne.

"Herufi kubwa ni mama," alitufundisha. "Ndogo ni mtoto. Mama yuko mbele, mtoto yuko mgongoni."

Aliinua kadi, tukapaza sauti, "B!" Akaigeuza, tukajibu, "Na mtoto wake!" Tulielewa upesi, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye hakuwahi kufungwa mgongoni kwa kitenge akapelekwa shambani. Kilichotusumbua ni sura. C na mtoto wake walifanana, O na mtoto wake vilevile. Lakini G? Mwenzetu Jastini alimtazama yule mtoto wa G kwa muda, akasema, "Mwalimu, huyu ni wa jirani." Mwalimu Adela alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Si lazima wafanane," akasema. "Mama anamjua mwanawe."

Maneno hayo yangoje hapo. Nitayarudia.

Jumatatu moja tulikuta mbuzi wameingia darasani, wamemla K mzima na kumng'ata M kona. Mwalimu aliandika wengine, akafunga kadi zote kwa ugwe wa mgomba, akanikabidhi mimi niwe nakwenda nazo nyumbani kila siku, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuzijua pande zote mbili. Nilitembea na lile furushi kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani, Baba alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mama alikuwa Msubi wa Biharamulo aliyeolewa kwa Wahangaza, na shule hakuipata. Alilea wadogo zake sita. Tangu msiba alikuwa akifanya kazi zake zote, analima, anapika, anapukuchua maharage, lakini kama mtu anayesikiliza kitu kingine mbali. Nilimwita mara mbili, mara tatu, ndipo ageuke. Siku nilipoingia na kadi aligeuka kabla sijamwita.

"Hizo ni nini?"

"Herufi."

"Nifundishe."

Basi kila alasiri, baada ya kuchekecha unga wa muhogo, aliacha tabaka jembamba juu ya ungo, na huo ndio ukawa ubao wetu. Mimi nilishika kadi, yeye aliandika kwa kidole. Akikosea alitikisa ungo na herufi ikapotea bila kuacha aibu. Mpaka leo nikisikia unga mkavu wa muhogo unateleza juu ya ungo, naona kidole chake kirefu kikihangaika na mkunjo wa S. R na L zilimchanganya ulimini, akasema hao ni mapacha, mtu achague yeyote. Kabla ya somo alikunja magoti kidogo na kunisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nilijibu "Marahaba" kwa uso mkavu wa kikazi, kisha tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Siku za somo sikutumwa maji. Aliketi nami, bega kwa bega, na alikuwepo.

Haikupita hata miezi miwili akawajua akina mama wote ishirini na nne. Ndipo alasiri moja akaichukua kadi ya D mkononi mwangu na kuigeuza.

"Na huku?"

Nakumbuka jiko lilikuwa linatoa moshi upande wangu. Nakumbuka nilikuwa na jibu, jibu lilelile tulilopaza sauti kila asubuhi darasani. Lakini nilisema, "Hizo ni za darasa la pili, Mama. Hatujafika."

Alinitazama. "Sawa, Mwalimu." Akanirudishia kadi, herufi kubwa ikiwa juu.

Kwa nini? Nimejiuliza nikiwa ndani ya basi, kanisani, ndani ya chumba cha mtihani. Ubinafsi wa mwalimu ulikuwepo, sikatai. Ni utamu mkubwa mtoto wa miaka saba kujua kitu asichokijua mama yake. Lakini chini ya huo kulikuwa na hofu. Niliona kadi zikiisha. Niliona siku atakayojua pande zote, atanishukuru, atanyanyuka mkekani na kurudi kule mbali alikokuwa. Nikaona bora tuzungukezunguke na herufi kubwa milele.

Yeye akaanza kusoma dunia. Alisoma mifuko ya saruji. Alisoma kibao cha zahanati. Alimsimamisha kijana njiani akasoma fulana yake kifuani, silabi kwa silabi, kijana akitabasamu kwa haya. Na kwenye jumuiya, baada ya rozari, aliwaambia wanawake wenzake, "Mwanangu amenifundisha kusoma." Hakusema herufi kubwa. Alisema kusoma.

Kisha ukoo ukakaa kikao cha kugawa mali ya Baba. Mali yenyewe ilikuwa nyumba na shamba la migomba lililoshuka mpaka bondeni, lenye kahawa pembeni na maharage katikati. Hilo shamba ndilo lililokuwa likitulisha. Wanaume waliketi kwenye mabenchi uani, pombe ya ndizi ikiwa kwenye kibuyu, Mzee Filemoni, mkubwa wa ukoo, akiwa amekalia kiti pekee chenye mgongo. Kikao kiliendeshwa kwa Kihangaza. Karatasi iliandikwa Kiswahili, na mwandishi alikuwa baba mdogo Revelian, mdogo wake marehemu, mwenye mwandiko mzuri na mfuko usiokosa biskuti za kutugawia sisi watoto. Nilimpenda sana. Hilo nalo linanisumbua.

Lazima niwaeleze desturi ya pale. Mtu asiyejua kusoma aliweka dole gumba, lakini kabla dole halijagusa wino, karatasi ilisomwa kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno, kisha ikaelezwa kwa Kihangaza mpaka mwenye dole aseme ameelewa. Anayejua kusoma alijisomea na kutia sahihi. Wengi waliokuwepo walitia sahihi. Mzee Filemoni alibonyeza dole, akasema yeye alikwisha kusomewa asubuhi. Akabaki Mama, aliyeitwa kutoka jikoni mazungumzo yalipokwisha.

Baba mdogo akanyanyua karatasi, akakohoa kusafisha koo. "Shemeji, sogea usomewe, kisha utupe kidole."

"Kidole cha nini?" akasema Mama. "Nitaandika jina langu."

Uani pakachangamka. "Heee! Shemeji amesoma lini?"

"Alisomea wapi, jikoni?"

"Ndiyo, jikoni," akajibu Mama. "Mwalimu wangu yule pale." Akaninyooshea kidole nilipokuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Wote wakanigeukia. Masikio yangu yalipata moto wa furaha.

"Basi tuone," akasema Mzee Filemoni.

Mama akaishika karatasi kwa mikono miwili. Juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mistari miwili, kulikuwa na kichwa cha habari. Akaanza. "MU-HU..." Akarudi. "MUH-TA-SA-RI. WA. KI-KA-O. CHA. U-KO-O." Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na alipofika ng'ambo wakampigia makofi. Shangazi mmoja akapiga vigelegele.

"Aliyesoma hasomewi," akasema Mzee Filemoni, akicheka, akiuvuta mrija wake. "Mwacheni ajisomee. Sisi wa vidole ndio mzigo."

Baba mdogo akaketi.

Mama akateremsha macho kwenye mistari iliyofuata. Ilikuwa yote herufi ndogo. Nilimwona akisimama hapo. Hakuna mwingine aliyeona, lakini mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nilijua uso wake ukiwa unasoma na uso wake ukiwa hausomi. Macho yake yalitembea kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kwa mwendo uleule wa heshima, mpaka chini. Kisha akayainua, akanitazama.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: Mama hajui ndogo, msomeeni. Maneno manne. Lakini yangefuatiwa na swali, kwa nini hajui, na jibu lake lilikuwa mimi. Nikatazama miguu yangu.

Akaomba peni. Akaandika DOMITILA, polepole, kila herufi ikiwa imesimama wima kama mtoto mstarini. Wakampigia makofi tena.

Msimu uliofuata, vibarua wa baba mdogo waliingia shambani na kukata mikungu. Mama alitoka mbio na jembe mkononi. Ndipo tukajua mistari ile ilisema nini: kwamba mjane anabaki na nyumba, na shamba linarudi kwa mdogo wa marehemu, naye mjane ameridhia. Mama alikwenda kwa Mzee Filemoni. Alikwenda ofisi moja, akaelekezwa nyingine. Mimi nilikuwa nafuatana naye, nimeshika upindo wa kitenge chake, na kila tulipofika kulikuwa na swali moja, mara kwa upole, mara kwa uchovu:

"Mama, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kutia sahihi?"

"Nilisoma."

Kila mahali. Nilisoma. Ningedhani mara ya pili au ya tatu angesema hapana, sikujua kusoma, nilijua herufi kubwa tu. Neno hilo pengine lingeturudishia shamba. Hakulisema. Tulipomaliza milango yote, alifunga vyombo vyetu na tukarudi kwao Biharamulo, ambako mpaka leo analima mashamba ya watu kwa kibarua. Mjomba alitupa chumba kimoja na hakuwahi kutusimanga, jambo ambalo lilimwinamisha Mama zaidi kuliko masimango.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kiburi. Kwa miaka nilimkasirikia kwa siri, na nilihitaji hasira hiyo, kwa sababu ilinifunika. Nimehesabu mara nyingi: kadi ishirini na nne, mbili kwa alasiri, siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili tu ndizo zilizotutenganisha na shamba letu. Halafu nafsi yangu inabisha: baba mdogo angeweza kusoma alichotaka na kuruka alichotaka. Halafu inajibu: lakini alikohoa kusafisha koo ili asome, na watu walikuwepo. Sijui. Sitajua.

Nilichokuja kujua ni kingine. Mwaka nilipokwenda chuo, fomu ilihitaji sahihi ya mzazi. Nilimletea Mama peni. Hakuipokea. Alipangusa dole gumba lake kwenye kitenge, akaniambia nilipake wino. Nikasema, "Mama, si unajua kuandika jina lako?"

"Najua," akasema. "Nisomee kwanza. Kwa sauti."

Nikaanza kusoma, na kama tunavyofanya sote na fomu, nikaruka vile vipengele vya chini vilivyochapwa kwa maandishi madogo. Akanigusa mkono.

"Na hizo ndogo," akasema. "Tumefika darasa la pili sasa, Mwalimu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyoniambia chai iko tayari. Nikaelewa kwamba alijua, na alijua siku zote, labda tangu alasiri ile aliponirudishia kadi ya D. Alijua pale uani aliponitazama na mimi nikatazama miguu yangu. Na kwenye kila mlango tuliogonga, aliposema "nilisoma", mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kitenge chake, na hakutaka mtu yeyote ageuke kuniuliza.

Mama anamjua mwanawe. Mwalimu Adela alitufundisha hivyo kama mchezo.

Nilimsomea fomu yote, mpaka mstari wa mwisho kabisa chini ya ukurasa. Kisha akabonyeza dole.

Kadi za darasa langu nimezimaliza jana. Naanza nazo kesho, na naanza na upande wa nyuma.