Mgongo Uliovuka Ruvuma

Mama yangu aliupata wapi ujasiri ule? Swali hili nilikwenda nalo chuo kikuu na kurudi nalo, na hadi leo, nikimtazama akichambua mboga barazani kwangu Magomeni, bado ninalo. Alikuwa mwanamke wa kuomba radhi hata alipokanyagwa yeye. Wifi yake, yaani shangazi yangu, aliposema neno, mama aliinamisha kichwa.

Tuliishi Mahurunga, ambako mashamba ya mpunga hukaribia mto Ruvuma na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Jirani yetu alikuwa bibi aliyekimbia vita vya kule, mjukuu wake mchanga mgongoni. Usoni alikuwa na chale za ujanani, mistari iliyopandana kutoka mashavuni hadi kwenye paji, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, pambo la mti ambalo hakulivaa tena. Kwangu ule ulikuwa uso tu, uso ulionipa korosho za moto. Wakubwa wengi waliufanya kichekesho. Walimwita Mmawia, jina la dharau kwa watu wa ng'ambo, kwa sauti ileile waliyofukuzia kuku. Kikombe alichonywea msibani kilisuguliwa kwa majivu. Mjukuu wake, rafiki yangu, hakuwa na chale hata moja, lakini jina lilimshika vilevile.

Umri wetu ulipofika tuliingizwa unyagoni pamoja, katika nyumba ya udongo ya nyakanga, mwanamke mkuu wa unyago. Kwa desturi yetu, siku ya kutolewa mwali hakanyagi ardhi. Hubebwa mgongoni hadi katikati ya uwanja, na anayembeba hawi mama wala bibi yake. Huwa mwanamke mwingine, ambaye kwa kitendo hicho anatangaza mbele ya watu kwamba mtoto huyu ni wetu. Asiyebebwa hutoka kwa miguu yake, nyuma ya wenzake, na aibu hiyo humngoja hadi siku ya posa.

Mimi nilikuwa nibebwe na shangazi. Rafiki yangu hakuwa na mtu.

Alasiri ya siku iliyotangulia, wanawake walikuwa uwanjani wakipepeta mchele wa karamu. Sisi wanawali tulikuwa ndani, tumefunikwa kanga, na ukuta ulikuwa na ufa. Nilisogeza jicho. Rafiki yangu hakutaka kuchungulia. Alisikiliza tu, amenishika kidole.

"Wa Mmawia atabebwa na nani?" nyakanga akauliza.

"Mimi mgongo unaniuma," akasema mmoja.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipouliza."

Wakacheka. Shangazi akadakia: "Atembee! Miguu si anayo? Nikimbeba huyo nitaota chale kabla ya magharibi. Na unyago huu ni wetu, si wa watu weusi tii wa porini huko."

Nilishangaa, maana shangazi mwenyewe alikuwa mweusi kama chungu. Bibi wa rafiki yangu alikuwa palepale, akichagua mawe kwenye mchele. Hakuinua uso.

Mama akaweka ungo chini.

"Wifi," alisema, "kesho mgongo wako upumzike."

"Unasemaje?"

"Mtoto wa jirani nitambeba mimi. Wangu atabebwa na mama huyu."

"Mwanetu abebwe na Mmawia! Umerogwa?"

"Mgongo wake ulivusha mtoto Ruvuma, maji yamejaa, mamba wanatazama. Utamwangusha wangu hapa uwanjani?"

"Basi kesho hatuji. Utaimbiwa na nani? Viboko?"

Mama akauonyesha ungo. "Viboko wakija, wifi, watakula mchele huu."

Safari hii hakuna aliyecheka. "Mwenye mwali kasema," nyakanga akamaliza, akaushika ungo wake.

Ndani, hofu ilinishika. Mwali asiyeimbiwa hajatolewa. Kwa maneno yale mama alikuwa ameiweka rehani siku yangu pia. Na nikiwa mkweli, nilimwonea wivu rafiki yangu. Sikuwahi kumwona mama akisimama namna ile, na alikuwa amesimama kwa ajili ya mtoto mwingine. Kisha wivu ukazidiwa na mshangao juu ya mama. Watu wa bondeni wanaijua hali hiyo: unaamka, unaukuta mto umefurika hadi kwenye migomba, na unaduwaa kwamba ni maji yaleyale uliyochota jana kwa kata.

Asubuhi walikuja wachache, hawakufika hata nusu. Shangazi alikuja pia, lakini alisimama nje ya wigo, mikono kifuani. Mama akaingia, akasema Bismillahi, akachutama mbele ya rafiki yangu. Bibi akachutama mbele yangu. Mgongo wake ulinukia moshi na mafuta ya nazi, na nilipomkumbatia shingoni, vidole vyangu viligusa mistari ya shavu lake.

"Umeshika?" akauliza, kwa Kiswahili chake chenye uzito wa Kimakonde.

"Nimeshika, bibi."

Ngoma ilikuwa bado haijalia. Mama, mwanamke mfupi aliyeelemewa na mzigo wake, alitangulia kutoka. Alipofika mbele ya shangazi hakuinamisha kichwa. Alipita, nasi tukamfuata.