Moshi wa Nyumba Zisizo na Watu

Kijiji chetu hutakipata kwenye ramani, kwa hiyo usijisumbue. Toka Kolwezi, shika barabara ya Lubudi, kula vumbi mpaka meno yabadilike rangi, kisha shuka penye kichuguu kikubwa kuliko nyumba, kando ya reli. Reli iko, treni ni bahati. Kuanzia hapo ni mguu. Unapanda kilima kidogo, na ukifika juu unakiona chote kwa jicho moja: safu moja ya nyumba za tope na nyasi, kijito nyuma yake ambako wanawake hulowesha mihogo, mashamba, halafu pori ambalo wachoma makaa wamelimaliza. Basi, hakuna kingine.

Taabu iko kwenye watu. Vijana walikwenda kuchimba shaba na kobalti, wakawaita wake zao, wake wakawaita wadogo zao. Mmoja mmoja wakaisha. Hata mi niliondoka. Nauza samaki wakavu sokoni Manika, mle mle Kolwezi, na sioni aibu, kwa sababu shimo la mgodi na shamba la mihogo vyote viwili vinavunja mgongo ila sokoni angalau mtu anakaa. Waliobaki kijijini ni wazee wachache wasioweza kufika hata kwenye kijito, mbuzi zao, na mama yangu.

Lakini ukisimama juu ya kile kilima asubuhi, utaona moshi unapanda karibu kila paa. Mgeni husema, hapa watu ni tele. Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto. Hawakusema hapakosi watu. Moshi ule wote ulikuwa wa mama yangu.

Kwetu mtu akisafiri hamwachii jirani ufunguo. Anamwachia moto. Anasimama mlangoni na mzigo wake kichwani, anasema, "Uniangalilie moto," na jirani hawezi kukataa. Jirani huyo ataingia mara kwa mara, atawasha kuni katikati ya nyumba, ataweka majani mabichi juu yake, na moshi utaingia kwenye nyasi za paa na kuwafukuza mchwa. Nyumba isiyopata moshi huliwa mpaka inaanguka yenyewe. Na ikianguka, kiwanja si chako tena, shefu, chifu wetu, anaweza kumpa mwingine. Ni desturi nzuri, silaumu. Lakini ilitengenezwa kwa mtu anayekwenda kuzika shangazi halafu anarudi. Haikutengenezwa kwa kijiji kizima kuondoka na kumwachia moto mwanamke mmoja.

Kiangazi hiki mi binti yake nilikwenda kumchukua. Muuguzi mmoja wa Manika aliyepita kijijini alikuwa amemsikiliza kifua akaniambia waziwazi: mama huyu akiendelea kukaa ndani ya moshi, hatafika mbali. Nilimkuta amekaa kizingitini, anakohoa mpaka mabega yanapanda, na kuni mbichi mapajani.

"Mama, tuende," nikamwambia. "Nyumba iko, chakula iko, batoto banakuuliza kila siku."

"Na moto ya batu?"

"Batu gani? Hamuna batu hapa!"

"Ndo maana mi niko."

Nilimtazama nikataka kulia, nikataka kumpiga, nikaenda kuchota maji.

Kesho yake habari ikaja kwamba shefu wa kikundi cha vijiji vyetu anapanda na wageni wanaotafuta ardhi ya kupima shaba. Alikuwa amewaambia kwamba penye moshi atawakatalia, ila kiwanja kisicho na moshi hana neno la kukitetea. Na asubuhi ile ile mama hakuweza kusimama. Alijaribu. Alishika ukuta, miguu ikakataa.

"Kaa chini," nikasema. "Nitawasha mi."

Nikaanza nyumba ya kwanza, na kila nyumba niliyoingia nilimtukana mwenye nyumba. Hii ya bwana anayeuza makredi ya simu karibu na meza yangu ya samaki, mnene, anacheka siku nzima, hajawahi kuniuliza mama anaendeleaje. Hii ya dada aliyehama na sufuria zote akaacha kandambili za mtoto zimening'inia ukutani. Hii ya ndugu watatu waliosema wanarudi wakati wa mahindi. Mahindi gani, hawakusema. Nilipuliza, macho yakatoa machozi, nikatukana, nikapuliza tena. Kumbe mikono yangu imekuwa ya mjini. Nilitia kuni kavu tupu, moto ukaruka juu, mzuri kabisa, na moshi hakuna.

Mama akapiga kelele toka mkekani, na kikohozi katikati: "Unawasha moto ya kupika! Unataka kuunguza nyumba ya batu? Tia majani mabichi!"

Nikarudi nyumba ya kwanza. Nikaanza upya.

Walipofika juu ya kilima nilikuwa nyumba ya mwisho, nimejaa masizi. Shefu alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma. Wageni walikuwa na viatu vizito na kofia za plastiki. Kisha wakashuka, na mmoja wao akainama kuchungulia mlango wa karibu. Ndani kulikuwa na moto tu, na jiko la mawe matatu bila sufuria.

"Wenyewe wako wapi?" akauliza.

Mama alikuwa amejikokota mpaka nje. Ameegemea ukuta, kitambaa kimemtoka kichwani, sijawahi kumwona mdogo namna ile.

"Benyewe banatembea," akasema. "Bangelikuwa bamekufa, moto yabo ingezima."

Yule mgeni alimgeukia shefu. Shefu ni mtu wa hapa hapa, anajua kila mlango na aliyeufunga. Aliangalia chini, akasugua udongo kwa ncha ya kiatu. "Moto iko," akasema. "Twende ng'ambo ya kijito."

Nilifurahi kidogo tu, kwa sababu alipokuwa anapita karibu yangu alipunguza mwendo. "Mama yako amechoka, mwanangu," akasema taratibu. "Mvua ikianza watarudi. Siku ile nani atakuwa hapa?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimechoka na kijiji, nimechoka na mama, nimechoka na watu wote wa Kolwezi wanaojua kusema "kwetu" na mdomo tu. Mama hatakwenda mpaka awe na wa kumwachia moto. Asipokwenda atakufa. Nani alikuwepo? Mbuzi?

Nikanawa uso, nikaingia.

"Mama, utaenda kwa mjukuu wako kule Manika. Binti yangu atakupokea. Mi nabaki mpaka upone."

Alinitazama sana. Nilidhani atabisha, na kusema kweli nilitaka abishe kidogo. Hakubisha. Nilimbeba hadi barabarani, na taksi-moto, pikipiki ya abiria, ilipokuja tulimfunga kwa kitenge kwa dereva asianguke, kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Pikipiki imeshawaka, akanishika mkono akasema yale maneno.

"Uniangalilie moto."

Mama yangu mwenyewe. Akaniambia kama jirani.

Sasa mama yuko Manika, anakula samaki wangu, analala usiku kucha na kifua kimepoa. Mungu ashukuriwe. Mvua ilianza, wageni walirudi, wakaona moshi, wakaondoka. Wamesema watapita tena. Yule bwana wa makredi alinipigia simu nikiwa kilimani kuuliza kama nyumba yake iko bien, yaani salama. Nilimtukana mpaka kredi yake ikaisha, kisha nikaenda nikatia majani mabichi kwenye moto wake.

Jana nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia binti yangu. Akanipa habari za nyumbani: bibi amepona, anafagia uani, meza yangu sokoni mtu mwingine ameanza kuisogelea. Halafu akasema, "Mama, sasa rudi. Ulisema mpaka bibi apone. Unafanya nini kule, na hamuna batu?"

Nikatazama chini. Kijiji chote kilikuwa mbele yangu, na paa moja la mwisho lilikuwa halijatoa moshi bado.

"Na moto ya batu?" nikasema.

Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu anaita bei ya nyanya.

"Mama," akasema, "unakohoa."